Kwa Nini Nasimama Nikisoma Injili

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Riruta tu wazima, ila babu yako bado anakohoa. Umeuliza kwa nini nasimama nikisoma Injili peke yangu, na magoti haya mabovu.

Nikiwa msichana nilimsomea mama yangu hospitalini, nimeketi. Padri alikuwa ameshampa mpako wa wagonjwa. Mama alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Kwani kanisani Injili huwa unaisikiliza umekaa?" akaniuliza. "Simama, usimame kwa niaba yangu pia."

Akajichora msalaba kwenye paji, midomoni na kifuani. Nikasoma hadi mwisho, nikangoja aitikie, "Sifa kwako, ee Kristo."

Hakuitikia.

Mpaka leo nikimaliza kusoma hubaki nimesimama kidogo, nikimngoja.

Cucu wako