Nyumba Imetoka Kwenye Njia ya Maji

Dada Marselina, nyumba yetu imeondolewa kwenye njia ya maji kabla hata jiwe moja halijawekwa, na aliyeiondoa ni Veronika wangu, akiwa amekaa hapa hapa Dodoma mbele ya kompyuta.

Shikamoo, dada. Nisamehe kutanguliza habari mbele ya salamu, ilikuwa inaniwasha mdomoni. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya Tlawi? Viazi mmeshatoa? Mimi nipo, ila nimechoka. Upepo wa huku hauna adabu, unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na mjukuu ameanza kutembea, kwa hiyo nashinda namkimbiza na magoti haya haya unayoyajua. Maziwa tunakunywa ya pakiti. Tangu tope la mlima lichukue nyumba yetu ya Jorodom sijalala mahali nikasema hapa ni kwangu. Vero ananitunza vizuri, silalamiki, lakini kwa mtoto ni kwa mtoto.

Sasa nikueleze, maana hicho kisimu chako cha kitochi hakionyeshi picha. Nyumba ya kile kiwanja kipya cha Mogitu anaichora Vero. Siku hizi mchoro unakaa kwenye mtandao, na watu wengi wanauingia pamoja: yeye huku, mhandisi yuko Arusha, fundi Gwandu yuko Katesh. Ndani yake kuna picha nyingi za nyumba ile ile, ya kutoka juu, ya mbele, ya vyumba. Nyingine ni ya mtu peke yake, hata akiichezea haimsumbui mwenzake. Nyingine ni ya wote, ukificha kitu humo kimefichika kwa kila mtu. Kuzipanga hizo picha, nani aone nini na nani aguse nini, ndiyo kazi ya mwanangu ofisini kwao, majengo makubwa ya ghorofa, na wanaume wenye digrii wanamngoja yeye awafungulie. Nakwambia tu ujue.

Basi fundi Gwandu alimpelekea Baba Vero, aliyebaki huko na ng'ombe, ile picha ya wote kwenye simu. Mzee akasema mistari imezidi, haoni zizi litakaa wapi. Fundi, kwa kumheshimu, akaficha mistari yote inayoonyesha mteremko pamoja na korongo dogo linalopita pale, akahifadhi. Kiwanja kikabaki cheupe kama meza. Na Baba Vero alikuwa amekiona mara moja tu, nyasi zimefunika kila kitu. Akasema nyumba ishushwe karibu na barabara, zizi likae nyuma. Fundi akaishusha, ikakaa juu ya korongo.

Unatujua sisi. Mzee akishasema ni hapo, nani atamwambia si hapo? Mhandisi aliona mistari haipo, akaambiwa mzee amepitisha, akanyamaza. Fundi naye akanyamaza. Mawe yalikuwa yaanze kumwagwa wiki ile.

Vero aligundua alipokuwa anakagua picha. Akarudi nyumbani amenyong'onyea, akakaa mlangoni na viatu miguuni. Korongo halikumsumbua, alikuwa anamwogopa baba yake.

"Mama, nitamrekebishaje baba mbele ya mafundi?"

Nilikuwa nimechoka hata hasira sina. Nikamwambia, "Mimi nimeshatolewa kwenye tope mara moja. Mwamkie, halafu useme."

Akampigia ile simu ya kuonana. Akamwamkia, akauliza ng'ombe, akauliza mafua, nikadhani hatafika kwenye korongo. Mwishowe akamwekea picha mbili pamoja, ile aliyoipenda mzee na ile yenye mistari. Baba Vero akatazama. Akauliza nani ameficha korongo. Vero akamjibu lilifichwa ili yeye aone zizi vizuri.

"Zizi nalijua tangu nazaliwa," akasema. "Mimi nionyesheni maji."

Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Pandisha nyumba, mwanangu."

Ikapandishwa siku hiyo hiyo. Vero amempa baba yake picha yake mwenyewe aichezee anavyotaka, na ile ya wote ameifunga, mtu haigusi bila yeye. Juzi Baba Vero amepiga kuomba ruhusa asogeze mlango wa zizi. Anaomba kwa mtoto wake wa kike, dada. Nilijifanya naosha vyombo, kumbe nasikia kila neno.

Msalimie shemeji yangu, mwambie sijasahau asali yake. Msalimie kaka yetu Petro aliyetulelea mbuzi waliobaki, na wifi Anna aliyenifunika kanga yake siku ile ya tope. Msije na zawadi. Njooni na majembe, maana msingi tunauchimba wenyewe, na mimi nimechoka kukaa kwa watu.

Ni mimi mdogo wako, Mama Vero, ninayewategemea wote pale Mogitu, asubuhi, siku ya Nanenane.