Ukili Uliosukwa kwa Shoto

Mamangu mpendwa,

Nakubusu mikono yote miwili, na wa shoto naanza nao makusudi. Najua huko uliko hutanijibu, na hata ungekuwa hapa barua hii usingeisoma, maana kusoma hukusoma. Kwa hivyo nimeamua hivi: nikimaliza kuandika nitatoka nayo barazani, hapa nyuma ya Ndia Kuu, niisome kwa sauti mpaka mwisho. Ukisikia, umesikia. Majirani nao wakisikia, hiyo ni bahati yao. Mjukuu wako Athmani anasema mambo ya nyumbani hayatangazwi. Mimi namwambia aliyeyatoa nje ni yeye, siku alipomleta mtu na utepe wa kupimia.

Mtu mwenyewe ni Bwana Karimu, mwenye duka la vitu vya kale. Sina ubaya naye. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya magoti yangu moja moja. Alikuja kuutazama mkeka wetu mkubwa wa miyaa, ule wenye mistari myekundu na ya kijani. Ule uliotoka nao shamba Kisauni ulipohamia kwangu huku kisiwani, umeukumbatia kama mtoto mchanga, na kitanda chako kizima ukakiacha kule kwa panya.

"Mzee," akasema, "kazi hii siku hizi haina mikono. Kuna hoteli moja wanautaka, wautundike ukutani."

Nikamuuliza, "Ukutani nani atakaa?"

Athmani akakohoa. Bwana Karimu akaupapasa mkeka kwa kiganja, taratibu, kama daktari anayetafuta panapouma, na alipofika katikati mkono ukasimama. "Lakini hapa fundi alikosea," akasema. "Tazama, kili zote zinalalia kule, na huu mmoja unalalia huku. Tuukate tuutoe, tuunganishe pande mbili. Hakuna atakayejua."

"Ukate tu," akasema Athmani, akamwita mkewe. "Zuhura, mkasi uko wapi?"

Mama, mkeka ule ulikuwa na kili ishirini na mbili, mikanda ya miyaa iliyoshonwa ubavu kwa ubavu, na mtoto wangu mwenyewe akaitisha mkasi kwa ule mmoja.

Nikamwambia Bwana Karimu, "Fundi aliyekosea ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa."

Akanitazama, akatabasamu. "Basi mzee, leo umepata nafasi ya kusahihisha." Athmani akacheka naye. Wakaahidiana Jumamosi, maana mkasi wa Zuhura ulikuwa butu na Bwana Karimu alitaka kuja na fundi wake. Wote walipotoka nikaukunja mkeka, nikautia kwapani, nikatoka nao barazani, nikautandika, nikajilaza juu yake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikaa pale mpaka magharibi, na Jumatano na Alhamisi tangu asubuhi, mgongo wangu juu ya ukili ule.

"Baba," Athmani akaniambia Jumatano, ameinama ili wapita njia wasisikie, "watu wanapita wanakuona umelala."

"Na mimi nawaona wanapita."

"Wanasema nimekufukuza nyumbani."

"Mimi sijawaambia hivyo. Wakiniuliza ndio nafikiria la kuwajibu."

Akaenda zake kwa hasira. Usinikaripie, mama. Hata wewe ungecheka, halafu ungenikaripia.

Yeye hajui mkeka ule ulivyoshonwa. Hakuwapo, na nikianza kumsimulia huwasha deki ya video. Kwa hivyo nitakusimulia wewe unayejua, naye atasikia kwa dirishani.

Unamkumbuka nyanya, mamake baba, na ugomvi wake na mkono wangu. "Mkono huo ni wa chooni," alisema, akachana leso kuukuu, akaufunga mkono wangu wa shoto kiunoni ili wa kulia ujifunze. Kula nakula kwa kulia, mkono wa mtu naushika kwa kulia. Adabu hiyo sikuigombania hata siku moja. Ugomvi wangu ulikuwa kazi. Nilizunguka shambani kama kuku aliyefungwa bawa. Nikitumwa kuchuma mbaazi, nusu zinaanguka. Siku moja nikapanda mbegu za muhogo kichwa chini, mstari mzima, kwa mkono wa kulia. Nyanya akaulaumu wa shoto, na wa shoto ulikuwa kifungoni, una ushahidi.

Chuoni tulikosoma Kurani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu alinichapa nilipoandika kwa shoto, nikamwambia kwa heshima kwamba herufi zake zinatoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo anayepaka wino ni mwenye kuandika kwa kulia, na mimi ubao wangu ni safi kuliko wote. Akautazama ubao, akaona ni kweli, akanichapa zaidi. Skuli niliingia baadaye, nikafika darasa la tatu nikatoka. Kwa hivyo ukiona makosa humu, lawama zimgawanyikie kila mtu.

Nyanya alikuwa akilala kidogo baada ya adhuhuri, na wewe ulikuwa ukisubiri mkoromo wake. Akishakoroma unanifungua leso. Ulikuwa ukisuka ukili pale upenuni, huku chungu cha maharagwe kinachemka peke yake, na mimi nikakuomba unifunze, maana vidole vya shoto vilikuwa vikiwasha kwa kukaa bure. Ulinikalisha ubavuni pako kama walivyokaa wasichana wa jirani. Nikaziharibu chane, yale majani membamba tuliyoyachana kwa kucha, mpaka ukaguna. Kisha ukafanya jambo ambalo sijaona mwalimu mwenye cheti akilifanya. Uliinuka, ukageuka, ukakaa mbele yangu uso kwa uso, magoti yakagusana.

Ukasema, "Usiniige mimi. Fuata mkono ulio upande wako."

Na mkono ulio upande wangu wa shoto ulikuwa wako wa kulia. Nikaufuata kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Chane ikapita juu, ikapita chini, ikakaa. Jioni nilikuwa na ukili wa urefu wa dhiraa moja. Mwezi ulipoisha ulikuwa umetosha mkeka, umenyooka, umekazwa, hauna tundu, ila tu wote umelala kinyume. Si wewe uliyekosea, si mimi. Ni pale tulipokaa.

Nyanya aliushika akauinua juu kama aliyemkamata nyoka. "Huu nani kausuka?" Nikaficha mkono nyuma, lakini leso ilikuwa imening'inia kiunoni haina mkono ndani. "Tupa jikoni, uwashie moto."

"Tutaugeuza, mama," ukamwambia. "Upande wa chini ukija juu, utalalia sawa na zingine."

"Na ncha za chane zitokee juu kama ndevu? Wageni wakalie miiba? Tupa."

Ukaitikia vizuri, "Haya mama." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba haya ni neno lenye milango miwili. Wiki ile nyanya akaitwa matangani Jomvu, akakaa siku saba. Siku saba hizo hukulima, hukufua, baba alikula muhogo wa kuchemsha mchana na jioni, na akiuliza unamwambia una kazi ya mamake. Ulikuwa unashona. Ulitoa kili zako zote zilizokuwa zimeviringishwa juu ya kabati, ukazipanga, na wangu ukautia katikati kabisa. Nikakuuliza kwa nini usiutie pembeni usionekane. Ulikuwa na shazia, ile sindano ya mikeka, mdomoni, ukasema bila kuitoa, "Pembeni watu hupatupa viatu."

Nyanya aliporudi mkeka ulikuwa umeshonwa, umepindwa kingo, umetandikwa ukumbini. Ukiutoa ukili wa katikati, umeupasua mkeka. Akauzunguka mara mbili na buibui lake bado kichwani.

"Umenitia doa ukumbini mwangu," akasema.

"Doa hilo nimelizaa, mama," ukamjibu, ukaenda kumletea maji ya kunawa.

Na unakumbuka alichokifanya baada ya hapo. Kila mgeni akibisha hodi, nyanya alikimbia, mwanamke wa umri ule, akaenda kukaa katikati ya mkeka, palepale juu ya ukili wangu, akatandaza leso mpaka ukafichika. Wageni wakasema ni mwenye haiba, anakaa kati kama mke wa liwali. Kumbe alikuwa akikalia aibu yake. Wewe unapita na sinia la kahawa, hunitazami, nami sikutazami, maana tukitazamana tumekwisha.

Na tangu hapo hakunifunga tena. Leso tu ikawa haionekani.

Mkono huo ndio uliokulisha, mama. Nilipokuja kisiwani nikapata kazi ya kushona magunia ghalani. Wenzangu walianza pembe ya kulia, mimi ya kushoto. Msimamizi akaona akili, akaniweka na mtu wa kulia, gunia moja watu wawili, tukakutana katikati. Miaka mingi nilishona hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea, kwa kuwa gunia lilifungika.

Sasa nikwambie lililo moyoni kabla sijarudi kwenye upuuzi. Mengi nimeyakubali nyumba hii. Kikombe changu cha bati kimetupwa, nimekubali. Kitanda changu kimesogezwa ili kochi lipite, nimekubali. Limekuja zulia la Dubai, zito, lina nywele kama mbuzi, ukimwaga chai halikusamehe, nimekubali. Nikizungumza wanaongeza sauti ya televisheni, nami naongeza yangu, tunaishi. Lakini ukutani kwa watu, umekatwa kati, ili isijulikane kwamba mimi nilikuwapo? Mkeka ule ndio niliokulaza juu yake siku ya mwisho, na mkono wako wa kulia ulikuwa juu ya ukili ule. Sijui kama uliuweka mwenyewe au uliangukia hapo. Sitaki kujua.

Ijumaa sikwenda barazani. Athmani akadhani nimechoka, akafurahi, akaninunulia mkate wa mayai. Kumbe Jumatano nilikuwa nimemwomba mwanamke muuza miyaa aniletee kifungu, na siku mbili nilizokuwa nimelala pale vidole vilikuwa havilali. Nilisuka kifuani, mama, nimelala chali, macho yangu haya hayafai lakini kazi ile haitaki macho. Ijumaa nilipotoka msikitini nikafunga mlango wa chumba, nikafumua mshono mmoja upande wa mlangoni, mbali na ule wa zamani, nikapenyeza ukili mpya, nikashona, nikapinda kingo mbili. Umelala kinyume barabara. Na sikuutia rangi. Uko mweupe kati ya wenzake kama jino la bandia.

Jumamosi Bwana Karimu akaja na fundi wake na mkasi mpya ndani ya karatasi. Nikawatandikia mwenyewe.

Akaupapasa tena kwa kiganja, mkono ukasimama mara mbili. "Mzee," akasema, "lilikuwa kosa moja. Sasa yako mawili."

"Miyaa imebaki," nikamwambia. "Ukichelewa kuondoka yatakuwa matatu."

Fundi wake akageuza uso kucheka. Bwana Karimu akakunja karatasi na mkasi wake, akakaa kitako, akaomba kahawa. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza kwa sauti ya chini nani alinifunza kusuka hivi. Nikamwambia, "Aliyekaa mbele yangu." Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Si mtu mbaya, nilikwambia.

"Umeniaibisha, baba," ndilo lililomtoka Athmani siku nzima, mara moja tu, na nililisikia lilivyo, si la hasira bali la mtu aliyechoka. Nikamwambia, "Haya."

Jana wakaja wakwe zake, wazazi wa Zuhura na shangazi zake, watu wa Tononoka, wasafi sana. Zuhura, na hili silisahau, akaviringisha zulia la Dubai akalisimamisha kwenye pembe, akatandika mkeka wetu. Mimi sikumwomba. Alisema tu zulia lina joto. Mimi nikaenda kukaa katikati, juu ya ukili wa zamani, mahali pangu. Hodi ikabishwa. Athmani akatoka chumbani amevaa kanzu mpya, akaona ule mweupe unavyong'aa mbele ya wageni, akasimama. Akanitazama. Kisha, mama, mtu mzima yule mwenye kitambi, akakimbia hatua tatu, akaketi juu yake, akatandaza kanzu huku na huku mpaka ukafichika wote.

"Karibuni," akasema. "Karibuni, kaeni popote."

Shangazi mmoja akasema anakaa kama mke wa liwali.

Ikabidi niinamie kikombe. Nyanya amerudi, mama, na safari hii ana masharubu. Nilipoinua kichwa nikamkuta Athmani ananitazama, na mdomo wake umeanza kucheza upande mmoja. Upande wa shoto. Sikumtazama tena, maana tungekwisha.

Sasa natoka barazani kukusomea. Mlango nauacha wazi, yeye yumo ndani na televisheni ameizima.

Ni mimi doa lako,
mwanao wa shoto.