Kiingereza cha Kwenye Mbuzi ya Nazi

Mpendwa Bi Khadija, naomba uniazime sikio, maana jambo lenyewe wengine wataliona dogo ila mimi limeninyima raha. Ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza hapa Makorora, na mjukuu wangu Tausi nimemlea tangu hajaota meno, bibi yake marehemu Mwamvua akimkalisha kwenye mbuzi akune nazi nami barazani namtajia vitenzi, naye akivirudia kwa mwendo ule ule wa kukuna, hata majirani wakisikia nazi ikikunwa walijua somo limeanza. Sasa ni mkubwa, anajaribiwa kazi ya kutembeza wageni msituni Amani, na juzi alirudi amenyong'onyea.

“Babu, wageni hawasemi kama ulivyonifundisha. Wao ni ‘get up’, ‘set off’, ‘put on’, ‘give up’. Neno mojamoja nalijua, yakikaa pamoja napotea. Nifundishe.”

Nikamjibu kuwa hicho ni Kiingereza cha uvivu, mwalimu wangu angetuchapa, mstaarabu akiamka husema ‘rise’, akiondoka ‘depart’.

“Basi babu, kawachape watalii,” akasema, akaondoka.

Tangu hapo kila alasiri yuko kwa rafiki yake Leticia, wanasikiliza Kiingereza cha kwenye simu na kucheka, nami kwa mazoea namimina kahawa vikombe viwili, chake kinapoa. Mwezi ujao wataamua kama abaki kazini. Nikikubali nimeyatupa niliyoyasimamia maisha yangu yote, nikikataa nachelea atakosa kazi na barazani asirudi tena. Nifanyeje?

Mwalimu Yasini, Makorora

Shikamoo, Mwalimu. Nimekwisha kukuamkia, sasa nikukaripie.

Nami nilifunzwa sarufi kwa fimbo, mbele ya ubao uliosuguliwa kwa mkaa, na siku zile nazikumbuka kwa mapenzi. Lakini Mwamvua alipomwambia Tausi apige pasi, apige deki, apige hodi, alimpa kanuni gani? Hakumpa. Mtoto alishika pasi, akashika tambara, akasimama mlangoni, na neno likaingia pamoja na kazi. Waingereza nao wana yao ya namna hiyo. ‘Give up’ si uvivu, ni kukata tamaa, nasi twaikata bila kisu.

Usijidanganye kuwa unatetea sarufi. Unachokililia ni sauti ya nazi ile na aliyekuwa jikoni. Kwa hilo pole sana, baba. Ila majonzi yako yasimkoseshe mtoto riziki.

Alhamisi hii Tausi akiingia kupika, usimwite barazani. Nenda wewe jikoni, ukae kwenye mbuzi. Kila mnachotenda kisemeni kwa Kiingereza cha wageni: akiinua sufuria, ‘pick up’, akiitua, ‘put down’, akizima jiko, ‘turn off’. Ukikosea, akusahihishe, nawe unyamaze. Hizo ‘rise’ na ‘depart’ hazijafa, atazihitaji siku ya kuandika barua.

Kahawa mimina vikombe vitatu. Leticia naye mwite.