Simu ya Mama Mkwe Haikuhesabiwa

Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako maana uchumba wangu unavunjika kwa ajili ya viambishi, mimi ni fundi wa tovuti, na nilimtengenezea mama mkwe mtarajiwa tovuti ya duka lake la ushonaji, sasa ujue vivinjari vya zamani, yaani zile programu za kufungulia tovuti, haviitikii amri za kupanga ukurasa mpaka kila amri uitangulizie kiambishi, yaani kijineno cha kivinjari chenyewe, zamani tuliviandika kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi, siku hizi kuna programu inayoviongeza yenyewe wakati wa kuunda tovuti, wewe unaiambia tu ihudumie vivinjari vipi, na mimi nikaiambia vipya tu, kwa sababu napenda kazi safi.

Kumbe simu ya mama ni ya enzi zile! Akaifungua tovuti mbele ya wateja, magauni yamepandana, bei imekaa juu ya suruali, wateja wakacheka, akanipigia, nami nikamwambia kwa upole kabisa, "Mama, kazi yangu haina tatizo, simu yako ndiyo imepitwa na wakati." Akakata. Mchumba wangu anasema, "Hukuitukana simu, umemtukana mama," na pete ameivua. Mwenzangu kazini anasema niongeze simu za zamani kwenye mipangilio ya ile programu, ni mstari mmoja tu, lakini Shangazi, faili la tovuti litanenepa kwa viambishi! Je, nimnunulie mama simu mpya yaishe?

Fundi Msafi

Marahaba, Fundi Msafi. Pole, ingawa pole yenyewe nakupa kwa kijiko. Viambishi nilivisoma darasani na nilivichukia, lakini hapa nimeelewa kukuzidi. Umepata mtumishi asiyelalamika, anayejua kumwamkia kila mzee kwa namna anayoitaka, nawe ukamwagiza awaamkie vijana tu. Halafu unashangaa mzee kununa? Faili likinenepa linakuuma wewe peke yako. Mama wa watu amechekwa dukani kwake, na riziki yake iko hapo hapo.

Simu mpya usithubutu! Utakuwa umemtukana tena tusi lile lile, safari hii limefungwa kwenye boksi. Ongeza huo mstari leo, uunde tovuti upya, kisha nenda mwenyewe ukaifungue kwenye simu yake, si yako. Omba radhi, na neno "kivinjari" lisikutoke mdomoni. Akikuuliza ni nini kilichokuwa kibovu, jibu, "Ni mimi, Mama."