Landikluza Nyeupe Imerudi, Mama

Mpendwa mama,

Leo nimekumbuka ubishi wetu wa majina ya magari, nikacheka peke yangu jikoni. Kicheko hakikufika mbali.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipepeta ufuta kando ya barabara ya Mandawa? Gari likija, ulilitaja kabla vumbi halijatufikia. Pijo. Fuso. Landilova. Na ile uliyoipenda kuliko zote, Landikluza. Kaka Saidi, akirudi likizo kutoka shuleni Nachingwea, hakukuacha upumue: "Mama, siyo Landikluza. Ni Lendi Kruuza."

"Gari lao, vumbi nnakula mie," ulimjibu. "Nnaliita nnavyotaka."

Baba mdogo naye, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, alilitamka kwa Kimakua chake, Lantikurusa, akaapa kwamba sote tunakosea. Mlibishana mpaka ufuta ukapeperuka na makapi.

Jambo ambalo halikuwa na ubishi ni kazi yake. Landikluza nyeupe ilikuwa ya chanjo. Ulitufundisha tangu tukiwa wadogo: ikisimama, toeni watoto na kadi zao. Wanao wote tulichanjwa hivyo.

Basi mwezi uliopita ikaja, ikasimama penye mikorosho yako. Tukafanya ulivyotufundisha. Tulitoka mbio, mimi, wifi zangu na majirani, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi, tukajipanga foleni wenyewe. Milango ikafunguka, wakashuka wanaume wenye mabuti na kofia ngumu. Mmoja alishika kopo la rangi nyekundu. Walitutazama, wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Mwanangu mkubwa, aliyejaa maneno ya vijana wa Dar, akaninong'oneza, "Mama, mkoko huo siyo wa hospitali. Turudi ndani."

Ni watu wa madini, mama. Wanasema chini ya shamba lako kuna kinywe, lile jiwe jeusi tulilokuwa tukichorea sakafuni ukatufukuza na ufagio. Yule mwenye kopo alipita mti hadi mti akitia alama, mpaka akafika kaburini kwako. Akauliza kwa upole sana, "Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akapaka alama nyekundu kwenye jiwe la kichwani kwako. Kisha akasema asante. Upole wake ndio ulionitisha.

Tangu siku hiyo haiishi kuja. Inasimama palepale, injini inaunguruma, hashuki mtu, halafu inaondoka. Kaka Saidi alikwenda Ruangwa, wilayani, kuuliza, akarudi mikono mitupu. Siku hizi hamsahihishi mtu tena. Akisikia mngurumo anasema tu, "Limekuja," na watoto wakitaka kulitaja jina tunawaziba midomo. Nyumba iliyokuwa na majina yote hayo ya gari moja, sasa haina hata moja.

Jana shehe alituletea habari. Ijumaa baada ya sala, makaburi ya shambani yatahamishwa. Watakuchimbua, mama. Watakupeleka ng'ambo ya mto wetu wa hapa kijijini, kwenye uwanja mpya walioufyeka, usikojuana na mtu. Kaka ameshakubali, na simlaumu, amechoka. Mimi sijakubali, ila hakuna aliyeniuliza.

Naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu hapa nyumbani kila mtu anajifanya shujaa. Naogopa watachimba wasikukute. Naogopa zaidi kwamba watakukuta. Nikifumba macho naona yale mabuti yamesimama ukingoni, na yule mpole akiuliza tena wewe ni nani.

Wanaume wamesema wanawake tubaki ndani, kama tulivyobaki siku uliyozikwa. Siku ile nilitii, nikakuaga kupitia dirisha, nikaona migongo ya watu tu. Safari hii sitii. Nitasimama hapohapo juani, wanisukume wakitaka, na jembe la kwanza likishuka nitakuita. Ukisikia vishindo juu yako, usishtuke. Itafute kwanza sauti yangu.

Kwa sasa lala, mama. Ijumaa haijafika.

Ni mimi,
kitindamimba wako