Mashada Msilete: Mwaka Mmoja Bila Mama Tope

Mwaka umezunguka tangu ututoke, mke wangu, mama yetu, dada yetu, na bado hatujapata nafasi ya kukulilia vizuri. Kila tukikaa tulie, inabidi tuinuke tukakugombee.

Mama Tope. Walikupa jina hilo siku ulipopeleka chuoni mchoro wa ukumbi wa mihadhara wenye kuta za udongo ulioshindiliwa na paa lililopandwa nyasi hai. Walidhani utaona haya. Wewe ukaliandika kwenye mlango wa ofisi yako kwa rangi nyeupe, ukaingia ndani kufanya kazi. "Msanifu mzima na digrii zake, eti anaturudisha kwenye nyumba za bibi!" wakasema. Ukawajibu, "Bibi zenu walikuwa wanaliacha joto nje. Nyie mnalala nalo kitanda kimoja."

Nyumbani tuliishi na udongo wako. Chupa zako zilijaa kwenye dirisha la jikoni, jirani na chumvi. Unatia udongo, unatia maji, unatikisa, halafu unasubiri mchanga utulie chini ujue udongo upi unafaa ukuta, na ole wake atakayezigusa. Hata ukumbi ulipokwisha kujengwa, mbuzi wa jirani wa chuo akapanda kwenye paa na mlinzi akakupigia simu akihema, ulimwambia, "Muache, baba. Huyo anakata nyasi bure."

Na mimi mumeo ni muuza mabati. Mungu naye ana utani wake. Mvua ikianza kupiga juu ya paa letu, ulikuwa unaweka mkono sikioni na kuniuliza, "Umesemaje, baba watoto? Sikusikii, bidhaa yako inapiga kelele." Siku hizi ikinyesha hakuna wa kunichokoza. Nimekukosa sana, mama watoto. Sioni aibu kulisema gazetini.

Siku tuliyokuzika watu walikupenda kupita kiasi. Walipanda kwenye paa la ukumbi wako wakalijaza mashada ya maua ya plastiki. Nani angethubutu kuondoa mashada ya marehemu? Mvua kubwa zilipokuja zikayasukuma hadi kwenye njia za maji, yakaziba. Maji yakatuama, yakatafuta upenyo, yakaanza kudondokea meza ya mhadhiri. Chuo kizima kikasema udongo umeshindwa.

Haukushindwa. Kifungua mimba wetu, fundi bomba, alipanda ngazi pamoja na mama yake mdogo, wakazibua njia zote na kushusha magunia ya maua yasiyooza. Tangu hapo halijadondoka tone. Tulikwenda kuwaeleza wakubwa, wakatusikiliza kwa upole ule wa kumsikiliza mfiwa, wakatupa pole, wakaendelea na yao.

Mwezi uliopita msimamizi wa majengo ya chuo akaja dukani kwangu, anatabasamu.

"Mzee, tunataka kumuenzi marehemu. Tunang'oa yale majani, tunapiga bati la kijani, na mbele tunaandika jina lake. Bati tumesema tuchukue kwako, riziki ibaki nyumbani."

"Bati la ukumbi ule sina."

"Si hili hapa, mzee? Nimeliegemea."

"Hilo ni la nyumba nyingine. La ukumbi ule sina, na sitakuwa nalo."

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kikao cha kuamua kitakaa wiki ijayo. Basi wakubwa wa chuo, kama mnasoma hapa, tunawaambia mbele ya watu: mkiweka bati, jina lake mliache. Hatutaki liandikwe juu ya kitu alichokikataa maisha yake yote. Na kabla ya kuamua, hamishieni kikao chenu kwenye ukumbi wenyewe, mchana, jua likiwa kali. Mtakayemwona anajipepea, huyo apige kura ya bati.

Juzi mvua ilinyesha nikiwa nimekaa kiti cha nyuma mle ndani, mzee mzima katikati ya wanafunzi. Mhadhiri hakupandisha sauti hata kidogo. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nikaegemeza mgongo kwenye ukuta wako nikalia, hatimaye, kwa raha zangu.

Unakumbukwa na mimi mumeo, muuza mabati. Mwanao fundi bomba. Kitinda mimba wako, ambaye ameanza kusomea kazi yako na ameshajaza chupa dirishani. Dada yako mshonaji. Mama mkwe wako, ambaye hadi leo anauliza kama mwanawe alioa msanifu au mfinyanzi. Na wanafunzi wako wote.

Jumamosi asubuhi tutakuwa juu ya paa lako, tunang'oa magugu na kupanda nyasi palipokauka. Ndugu na marafiki, mashada msilete. Leteni majembe.

Hatukusahau, Mama Tope, wala hatutakusahau. Na paa haling'oki.