Linux ya Hadithi za Mama

Jumamosi, 8 Februari 2014

Leo tena. Nimeiwasha kompyuta, nimekwenda kuteka maji, nimefagia uwanja, nimemnywesha Mama uji, nimerudi: bado inazungusha kiduara chake. Nikaikemea. Mama akanitazama kama nimemkemea yeye.

Kompyuta yenyewe ndogo, haizidi sana msahafu. Kaka Nassor aliniletea kutoka Maskati, na kwa hilo namwombea dua kila siku. Bila yake nisingeirekodi sauti ya Mama. Hadithi zake zote nilizirekodi kabla hajapata kiharusi. Sasa mkono wa kulia umelala, na ulimi nao umelala. Tangu maradhi hajasema neno. Ila kila baada ya alasiri hukaa kwenye mkeka wake barazani, akagonga fimbo chini. Maana yake: nifungulie. Anajisikiliza mwenyewe. Penye kuchekesha hutikisa mabega.

Leo hadithi imekwama katikati, jini hajafika hata mlangoni. Mama kagonga fimbo mpaka kuku wamekimbia.

Jumapili, 9 Februari

Nimeipeleka kwa fundi, huku bandarini. Kaigeuza, kaipiga piga, kasema imejaa virusi na nguvu haina, ya kutupwa hii. Nimemwambia atupwe yeye. Nimerudi na kilima chote cha Mkoani huku nanung'unika.

Mama kaisubiri barazani. Nimeshindwa kumtazama.

Jumatatu, 10 Februari

Alhamdulillahi, watu wapo. Mwalimu Emanueli, anayefundisha fizikia, kanikuta nimevimba chumba cha walimu. Huyu katokea Singida, ana miaka yake miwili hapa kisiwani. Kasema mashine haina kosa, imebebeshwa tu mzigo usio wake. Utolewe mfumo wa zamani unaoiendesha, iwekwe Linux. Ya bure. Nikamuuliza, ya bure ya nani? Kasema ya watu wote, kila mwenye ujuzi kaichangia. Kumbe msaragambo, watu kukusanyika wakafanya kazi ya wote, haupo kwetu tu.

Tatizo, ziko nyingi. Kubwa, ndogo, za mapambo, kavu. Kila moja na nembo yake na watu wake wanaoapa kwamba nyengine hazifai. Nikamwambia basi na huko ni vyama vingi. Kacheka, kisha kautazama mlango. Utani huo siku hizi mtu hautoi ovyo.

Kanipa flashi. Kasema unaweza kuionja kwenye flashi kabla ya kuiweka. Ikikupendeza, ndipo uiweke. Hilo limenipendeza. Hata nguo mtu huijaribu.

Jumanne, 11 Februari

Ya kwanza ni ile kubwa yenye madoido. Nzuri, Mungu anajua. Madirisha yanaingia na kutoka kama maharusi. Lakini kukifungua kitu kimoja, chai inapoa. Si kosa lake, kavishwa mtoto koti la mtu mzima. Hapana.

Ila hadithi za Mama nimeziona zote zimo, salama. Nikazinakili kwenye ile flashi kabla ya kuirudisha.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu Emanueli kaifungua flashi, kauliza hizi za nini. Nikamwambia, Mwalimu, chombo cha watu hakirudi kitupu. Mtu akikuletea bakuli la mchuzi, bakuli linarudi na chochote, japo ndimu mbili. Flashi nayo ni chombo. Kashukuru mpaka kaniaibisha. Bara sijui wanarudisha vipi mabakuli yao.

Kaahidi kuniletea nyengine, nyepesi kabisa.

Alhamisi, 13 Februari

Astaghfirullah. Leo nimecheka peke yangu jikoni mpaka nimeshika ukuta.

Hiyo nyepesi inaitwa Puppy, yaani kijibwa. Mie sikulitia maanani jina. Nimeichomeka, Mama yuko kwenye mkeka, katoka kutia udhu, anasubiri adhana ya alasiri. Kompyuta ikawaka upesi, upesi ajabu, kisha ikabweka. Wallahi imebweka! Mama kauvuta mkeka kwa mkono wake mmoja mzima mpaka kwenye kona, fimbo juu. Nimemwambia, Mama, huyu wa kwenye kioo hana najisi. Wapi! Kanionesha mtungi kwa fimbo. Katia udhu upya.

Ni kijibwa chepesi kweli, na kwenye nyumba nyengine kingeenea. Hapa hakikai.

Jambo moja limenichoma. Zile hadithi hazimo tena kwenye flashi. Mwalimu kaifuta yote ili aiweke hii. Umpe mtu zawadi, aifute siku ya pili! Flashi nitairudisha kesho na picha za karafuu zetu zilizoanikwa. Hizo akitaka afute.

Ijumaa, 14 Februari

Ya tatu: Lubuntu. Nimeionja baada ya swala ya Ijumaa. Hii ndiyo. Haina haraka ya kijibwa wala uzito wa bibi harusi. Vitu viko pale unapovitarajia. Nimefungua hadithi ya mwanamke aliyemwazima jini kinu, na sauti ya Mama imetoka safi, bila kukwama. Mama katikisa mabega. Nikatoka nje kidogo, nikafuta macho kwa kanga, nikarudi.

Mwalimu kasema sasa iwekwe moja kwa moja. Atakuja Jumapili mchana akitoka kanisani. Kasisitiza nimsubiri.

Jirani kaniuliza, kwani Wapemba wenye kujua kompyuta wamekwisha, mpaka aje mtu wa bara? Nimemjibu, yule wa kwetu kaniambia niitupe.

Jumapili, 16 Februari

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimeifuta sauti ya Mama.

Basi niandike lilivyokuwa.

Sikumsubiri. Asubuhi nilikaa, kompyuta mbele yangu, flashi mkononi, nikajiona najua. Jana nilizihamishia hadithi zote D, kile chumba cha pili cha diski. Kila fundi wa hapa husema hivyo: C ndiyo inayofutwa, weka vitu vyako D, D haiguswi. Na kweli, mwaka juzi fundi aliisafisha, na D ilibaki kama ilivyo. Linux ikaniuliza: ikae pamoja na mfumo wa zamani, au ifute diski ikae peke yake? Nikachagua ifute. Sitaki kulala chumba kimoja na virusi. Nikaona fahari kabisa.

Ikamaliza. Ikawaka vizuri. Nikaitafuta D. Hakuna D. Nimetafuta kila pahala. Nyumba nzima safi, haina mtu.

Mwalimu kaja mchana, kaiona sura yangu. Kasema kwa upole, Linux haijui C wala D, Mwalimu Zuwena. Diski ni diski. Ukiiambia ifute, inafuta yote. Kajaribu kutafuta tafuta, hakupata kitu. Kumbe mafundi wetu walisema kweli, ila kwa mfumo wao.

Ile flashi ndiyo ingenifaa. Keshaifuta. Nimemkasirikia, kisha nimejikasirikia mie. Alisema nimsubiri.

Alasiri Mama kagonga fimbo. Nimemwambia chaji imekwisha. Kanitazama kwa muda. Hajawahi kunitazama hivyo tangu nilipokuwa mdogo.

Jumatatu, 17 Februari

Sikutaka kusema na mtu shuleni. Mwalimu Emanueli kanifuata hadi chini ya ngazi. Kasema jana alisita kunipa tumaini la bure, lakini usiku hakulala nalo. Kabla ya kuifuta flashi alizihamishia zile hadithi kwenye simu ya mkewe. Hakufikiria kuzifuta hata kidogo, aliona ni zawadi. Ila mkewe tangu juzi yuko Unguja kwa dada yake, simu imeharibika na iko kwa fundi. Hajui kama fundi kaifuta au vipi.

Fundi! Mie na mafundi.

Nimemwomba radhi kwa niliyoyawaza. Hakujua nimewaza nini, lakini kasema yamepita.

Jumanne, 18 Februari

Hakuna habari. Mama kagonga fimbo. Nikamwambia kweli yote, sikuweza tena. Nimefuta, Mama. Nimefuta kwa mkono wangu. Kaninyooshea ule mkono mzima, nikafikiri ananipiga. Kanishika kichwa. Tukakaa hivyo mpaka maghribi.

Namshukuru Mungu kwa mama huyu. Hata kama sauti imekwenda, mwenyewe ninaye.

Jumatano, 19 Februari

Kompyuta inafanya kazi vizuri ajabu. Nimetunga mtihani wa jiografia wote, haijakwama mara moja. Naona hata haya kuisifu. Mama leo hakugonga fimbo. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 20 Februari

Boti imefunga bandarini, na kabla adhana ya alasiri haijamalizika, Mama Upendo huyo uwanjani kwetu. Ndiye mke wa Mwalimu Emanueli. Mkoba begani, kitenge kimejaa chumvi ya bahari, nyumbani kwake hajafika bado. Kapiga hodi, kamshika Mama mkono, kamwamkia shikamoo, kisha kanipa flashi.

Zote zimo. Fundi wa Unguja alibadilisha kioo tu. Zote! Nimemkumbatia mpaka mkoba ukaanguka.

Kisha kaona haya kidogo. Kasema kuna moja iliyozidi, nisimcheke. Kwamba kule sokoni wanawake humtania kwa lafudhi yake ya bara, basi alikuwa anazisikiliza hadithi za Mama ili ajifunze kusema kama siye. Akajirekodi anasimulia ile ya jini na kinu. Mumewe kamwambia chombo cha hapa hakirudi kitupu, naye hakuwa na kingine cha kutia.

Nikaifungua. Mama yuko kwenye mkeka.

Sauti ya Mama Upendo ikasema: "Paukwa!"

Hadithi zake mwenyewe Mama hakuwahi kuziitikia, maana mwenye kusimulia hajiitikii. Lakini hii ilikuwa ya mtu mwengine. Midomo ikahangaika. Ikahangaika tena. Kisha Mama akasema:

"Pakawa."

Nzito, imepinda, lakini kamili. Mama Upendo kaziba mdomo kwa kitenge. Mie sijui nilifanya nini. Nakumbuka Mama tu kagonga fimbo, kwa hasira, kwa kuwa tumeacha kusikiliza.

Hadithi ilivyokwenda, Mama Upendo wa kwenye kompyuta akasema neno vibaya. Mama katikisa mabega, kainua kidole. Maana yake: hapo si hivyo.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi ya pole. Nimefagia, nimeteka maji, uji umepikika vizuri. Kompyuta imewaka kabla sijaweka ndoo chini.

Kaka Nassor kapiga simu, nimemweleza yote. Kalia, halafu kauliza Linux ni kitu gani. Nimemwambia ni msaragambo.

Mama Upendo kaja leo, na kasema atakuja kila Jumamosi. Anasema "Paukwa", Mama anaitika. Zaidi ya hapo hajasema, na mie simhimizi. Nimekwisha kujua pupa inaleta nini.

Flashi bado iko mezani. Jumatatu inarudi kwao. Nimewaza sana niwatilie nini, watu waliotufanyia haya. Leo asubuhi nikamrekodi Mama. Ni neno moja tu, halichukui hata sekunde moja. Ndilo nililotia.

Nimeifunika kompyuta kwa kanga. Kuku wamerudi barazani.